Shubiri Moja Kulia kwa Taa

Juzijuzi jioni mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja nyumbani, hapa Mwanga, Kigoma mjini, akiwa na daftari la fizikia kwapani. Yuko kidato cha tatu. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa amekwisha kulifungua daftari mezani na kuweka kidole kwenye alama ya kosa, ile nyekundu inayokwaruza karatasi mpaka upande wa pili. Swali lilitaka apange vitu katika makundi mawili, skala na vekta. Alikuwa amepata vyote isipokuwa kimoja. Mkondo wa umeme aliuweka kwenye vekta.

"Mjomba, si umeme unatoka huku unaenda kule? Na ukubwa unao, ampea mbili, ampea tatu. Ukubwa na mwelekeo. Sasa kosa langu liko wapi?"

Nilimwomba anipe siku moja. Jibu la haraka nilikuwa nalo, lakini jibu la haraka ndilo lililomfikisha hapo alipo. Kila aliyepita sekondari anajua ile sentensi: skala ina ukubwa tu, vekta ina ukubwa na mwelekeo. Wengi tunaijua kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya fizikia ya sekondari kwetu, tukaikariri kwa sauti darasa zima na kuiandika kwenye mtihani ilivyo. Si sentensi mbaya. Kilo tano za mchele, saa mbili, lita ishirini za maji, jotoridi la nyuzi 28: hakuna anayeuliza "kilo tano kuelekea wapi?" Ila ukimwambia mgeni aliyeshuka stesheni "nenda kilomita tatu", atakukodolea macho mpaka umwonyeshe upande. Mpaka hapo sentensi inatosha. Inachoacha kusema ni kwamba mwelekeo ukishaingia, hata kujumlisha kunabadilika. Hilo ndilo jambo lenyewe, na mimi sikulipata darasani.

Nililipata ziwani, miaka kabla ya kulisikia neno vekta.

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Likizo moja ya Juni alikubali kunichukua usiku. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu taa ndizo zinazowaita. Mwezi ukijaa, taa zinapoteza nguvu na wavuvi wengi hukaa nchi kavu kushona nyavu. Usiku ule tulikuwa na karabai zikivuma juu ya maji, na kufika saa kumi alfajiri mtumbwi ulikuwa umeshiba, ubavu wake umebakiza kiganja kimoja tu juu ya maji. Tukazima karabai ili turudi. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, pepo za kusini mashariki hulipiga Ziwa Tanganyika kwa nguvu, na mtumbwi mzito hauwezi kujifanya hauzisikii.

Mbele yetu, mashariki, kulikuwa na taa moja ufukweni. Baba mdogo akanipa mkono wa injini. "Unaiona ile taa? Pale ndipo nyumbani." Nikaelekeza pua ya mtumbwi kwenye taa, moja kwa moja, kama ambavyo mtoto yeyote angefanya. Akaushika mkono wa injini juu ya mkono wangu na kuusukuma mpaka pua ikahama.

"Usiifuate taa," akasema. "Weka pua shubiri moja kulia kwa taa."

Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele, kiganja kikitazama taa, akatanua vidole. Kidole gumba akakiweka juu ya taa. Kidole chake kidogo kikaangukia mahali penye giza tupu, upande wa Ujiji, kusini.

"Baba mdogo, kule siko kwetu."

"Ukiifuata taa, upepo utatupeleka Gombe. Shika huko huko."

Nilishika huko huko, moyo ukinidunda. Nilikuwa naelekeza chombo mahali ambapo sikutaka kwenda. Lakini kuna kitu nilikiona na sijakisahau: ile taa haikuhama. Nilitegemea izidi kuachwa kushoto, na haikuachwa. Ilikaa pale pale, shubiri moja kushoto kwa pua, ikiongezeka ukubwa taratibu, mpaka nikaanza kuona watu wakipita mbele yake na beseni. Tukatia nanga mbele ya taa ile ile.

Sasa niweke tarakimu, kwa sababu bila tarakimu hadithi hii ni ya kupendeza tu. Tuseme mtumbwi unakwenda kilomita 12 kwa saa majini, na upepo pamoja na mawimbi vinausogeza kilomita 5 kwa saa kuelekea kaskazini. Taa iko kilomita 6 mashariki. Ukielekeza pua mashariki moja kwa moja na kuishikilia hivyo, baada ya nusu saa utakuwa umekula kilomita 6 zako zote, ila utajikuta kilomita mbili na nusu kaskazini ya taa, ukigonga mlango wa watu wengine. Mwendo wako halisi juu ya ziwa ulikuwa upi? Kumi na mbili na tano ni kumi na saba, lakini hukwenda 17. Chora mshale wa 12 kuelekea mashariki, na kwenye ncha yake uanzishe mshale wa 5 kuelekea kaskazini. Kisha unganisha mwanzo wa wa kwanza na ncha ya wa pili. Kwa kanuni ya Pythagoras, 144 na 25 ni 169, na kipeuo cha pili chake ni 13. Kumi na mbili jumlisha tano, kumi na tatu.

Ukigeuza pua kulia, kiasi cha digrii 24 na nusu hivi, sehemu ya mwendo wako inatazama kusini na ina ukubwa wa kilomita 5 kwa saa sawasawa. Hiyo inakabana na upepo, zinamalizana. Kinachobaki ni kilomita 10.9 kwa saa kuelekea mashariki, na utafika kwenye taa kwa dakika 33 badala ya 30. Dakika tatu unazilipa kwa upepo.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka mpwa wangu aibebe. Ndoo ya lita 12 na ya lita 5 zitakupa lita 17 uzimwage kwenye pipa kutoka upande wowote ule. Miendo ya 12 na 5 inaweza kukupa 17 upepo ukiwa nyuma yako, 7 ukikukabili usoni, na kila namba iliyo kati ya hizo kutegemea pembe. Skala hujumlishwa kama mizigo. Vekta hujumlishwa kama safari.

Asubuhi ile ile, tukiuvuta mtumbwi nchi kavu, somo lilikuwa pale pale mchangani, ingawa nililiona baadaye sana. Kamba mbili zimefungwa mbele, kundi moja kwa kila kamba. Chukua kwamba kila kundi linavuta kwa kani ya nyutoni 600. Kamba zikiwa sambamba, mtumbwi unapata 1,200. Makundi yakitanuka mpaka kamba zikafanya pembe ya digrii 60, unapata kama 1,040. Yakitanuka mpaka digrii 120, unapata 600 tu. Yaani makundi mawili yanatokwa jasho, na mtumbwi unasikia nguvu ya kundi moja. Wazee wa ufukweni hawana haja ya kosaini, ile hesabu ya pembe, wanapiga kelele "Karibianeni! Karibianeni!" na wanajua kwa nini.

Reli nayo inafundisha, japo kwa ufupi. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni kilomita zipatazo 1,250, kwa sababu reli inazunguka kutafuta Tabora na Dodoma. Ndege akiruka moja kwa moja ni kama 1,090. Umbali wa reli ni skala: unaongezeka tu, kila kona unayopita inaongeza. Kutoka ulipoanza mpaka ulipo, pamoja na upande wake, ni vekta. Ukienda Dar na kurudi, magurudumu yamekula kilomita 2,500 na vekta yako ni sifuri, umeshukia stesheni ile ile. Ndiyo sababu vitabu vya Kiswahili hutofautisha mwendokasi, ambao dereva anausoma kwenye dashibodi, na kasimwelekeo, ambao unadai pia uelekeo. Napenda sana neno kasimwelekeo. Halikubali kusahau nusu yake.

Na Kiswahili chetu kina sikio la mambo haya tangu zamani. Watu wa pwani waliposafiri kwa majahazi hawakuupa upepo jina moja. Unaotoka kaskazini wakauita kaskazi, unaotoka kusini wakauita kusi, na pande zenyewe za dunia zikachukua majina kwa pepo hizo: kaskazini, kusini. Upepo na upande wake vilikuwa neno moja. Baharia aliyeambiwa "kuna upepo" tu alikuwa hajaambiwa kitu.

Lakini kuna vitu vinavyodanganya, na hapa ndipo penye utamu.

Utotoni tulikuwa tukiruka majini na kushindana nani atagusa chini. Ukizama mita tatu, nne, masikio yanaanza kuuma. Nilijaribu ujanja wote. Niligeuza sikio lielekee juu, nikaligeuza chini, nikazama miguu mbele, nikazama kichwa mbele. Maumivu yalikuwa yale yale. Kama maji yangekuwa yanasukuma kutoka juu tu, sikio lililotazama chini lingepumzika. Halikupumzika, kwa sababu kanieneo ya maji, yaani ukubwa wa kani yake kwa kila eneo, ni skala: katika kina kimoja iko sawa kila upande, na inaongezeka kadiri unavyoshuka, kila mita kumi ikiongeza karibu uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Fikiria ilivyo kwenye sakafu ya ziwa hili, mita 1,470 chini mahali penye kina zaidi. Ngoma ya sikio ndiyo yenye upande. Kani inayoisukuma ni vekta, inaelekea ndani ya kichwa. Kanieneo yenyewe haielekei popote. Mwanafunzi akisikia "kusukuma" huandika vekta bila kufikiri, na simlaumu.

Alama ya kutoa nayo inapotosha. Friza ya samaki ikisoma nyuzi hasi 18, hiyo hasi haina upande katika dunia hii. Ni mahali kwenye kipimo, chini ya sifuri. Ndivyo neno skala lilivyozaliwa hasa. William Rowan Hamilton, mwanahisabati wa Ireland, ndiye aliyeyaweka maneno haya mawili katika hisabati katika miaka ya 1840. Tarehe 16 Oktoba 1843 alikuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji mjini Dublin, akapata namna ya kuzidisha namba zenye sehemu nne, akaikwangua kanuni yake kwa kisu kwenye jiwe la daraja. Sehemu moja ya namba hizo akaiita skala, kwa kuwa thamani yake hupanda na kushuka kwenye kipimo kimoja, kutoka hasi zote hadi chanya zote. Sehemu tatu zilizobaki, zinazoonyesha upande katika anga, akaziita vekta.

Na vekta, kwa Kilatini, maana yake ni mbebaji. Mchukuzi. Wanaastronomia walilitumia kabla yake kwa mstari unaotoka kwenye jua hadi kwenye sayari, mstari unaoibeba sayari katika mzunguko wake. Madaktari wanalitumia kwa mbu, anayebeba malaria kutoka damu hii kwenda ile. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya, kwa sababu kwetu huku neno la mtu wa kazi hiyo ni mpagazi. Katika miongo hiyo hiyo ambayo Hamilton alikuwa anahangaika na namba zake Dublin, njia ya Ujiji, Tabora, Bagamoyo ilikuwa imejaa wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani, na katika misafara hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuchagua upande. Frasila mbili za pembe za ndovu ni kilo 30 na ushee, ziwe Ujiji au Bagamoyo. Hiyo ni skala. Lakini mzigo uliotulia bandani na mzigo ulioko begani mwa mtu aliyeelekea pwani si kitu kimoja. Tangu siku hiyo, nikisikia vekta simwoni tena mshale kwanza. Namwona mtu na mzigo na njia.

Hesabu tunazofundishwa leo hatukuzipata kwa Hamilton zilivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kujisomea mwenyewe, kila mmoja kivyake, walizipunguza zikabaki zile zinazohitajika kwa umeme na mwendo.

Wanahisabati wa leo wamekwenda mbali zaidi, mpaka wanafizikia wengine hawapendi. Kwao vekta haihitaji hata kuwa na mshale. Kikapu cha sokoni ni vekta: mchele kilo 2, dagaa kilo 1, maharage kilo 3. Kikapu cha jirani kina 1, 1, 2. Vijumlishe, mchele na mchele, dagaa na dagaa, unapata 3, 2, 5. Hakuna anayejumlisha mchele na dagaa akapata "kilo tano za kitu". Kisha chukua bei, tuseme shilingi 2,500, 20,000 na 3,000 kwa kilo, uzidishe kila bei na chake kwenye kikapu cha kwanza na kujumlisha: 5,000 na 20,000 na 9,000, shilingi 34,000. Vekta mbili zimekutana zikazaa skala moja. Mama muuza duka hufanya hesabu hiyo mara mia kwa siku. Kwa mwanahisabati, kinachofanya kitu kiwe vekta ni namna kinavyojumlishwa na kinavyozidishwa kwa namba, basi.

Kwa hiyo jioni iliyofuata, mpwa wangu aliporudi, nilianza na barabara. Pale Mwandiga, njia ya Kasulu na njia ya Manyovu zinakutana kuja mjini.

"Kwa saa moja zimeingia bodaboda 30 kutoka Kasulu na 20 kutoka Manyovu. Zinazokuja mjini ni ngapi?"

"Hamsini, mjomba."

"Umeniuliza barabara zinakutana kwa pembe gani?"

Akanyamaza. Kisha akavuta daftari akachora nyaya tatu zinazokutana kwenye nukta, ampea 3 zikiingia kwa waya mmoja, ampea 2 kwa mwingine. Akaandika 5 kwenye wa tatu. Akafuta, akazichora upya nyaya mbili za kwanza zikiwa na pembe ya digrii 90. Akatulia kidogo, akaandika 5 tena.

"Zingekuwa vekta," akasema polepole, "ingekuwa kipeuo cha pili cha kumi na tatu."

Ndivyo. Mshale tunaouchora kwenye waya unatuambia umeme unapita mbele au nyuma. Njia ameichagua fundi alipoupinda waya. Ampea ni hesabu ya chaji zinazopita kwa sekunde, kama bodaboda kwa saa. Ndani ya shaba yenyewe ipo vekta ya kweli, mkondo katika kila eneo dogo na upande wake, lakini ampea ni jumla iliyokwisha kuhesabiwa.

Hakuridhika, na nilifurahi kwamba hakuridhika. Akauliza kama kuna vingine vyenye ukubwa na mwelekeo ambavyo si vekta. Nikamwambia alaze daftari mezani, jalada juu, mgongo wa daftari kushoto. Kwanza alisimamishe kwa kuinua ukingo wa mbali, jalada limtazame yeye. Kisha, likiwa limesimama, aligeuze robo mzunguko, kama mishale ya saa inavyokwenda ukiitazama kutoka juu. Jalada likaishia kutazama kushoto. Akalirudisha, akafanya yale yale mawili kwa kuanzia na la pili. Safari hii jalada lilimtazama yeye, na mgongo ulikuwa juu. Mizunguko miwili ile ile, digrii 90 kila mmoja, mhimili unaojulikana kila mmoja, na matokeo mawili. Vekta haziwezi kufanya hivyo: kwenda mashariki kisha kaskazini hukufikisha pale pale unapofika ukianza na kaskazini. Alirudia mara nne, tano, akihakikisha kwamba si mkono wake unaokosea.

Jumamosi tulikwenda kumsalimia baba mdogo. Haendi tena ziwani. Binti akambusu mkono, akamwomba: "Babu, nionyeshe shubiri yako ya taa." Mzee akacheka, akanyoosha mkono wa kulia mbele, akatanua vidole. Tukafunga nyuzi mbili kwenye kitufe cha shati, nikakishika karibu na jicho lake, tukavuta uzi mmoja mpaka kidole gumba, na wa pili mpaka kidole kidogo. Binti akatoa kipimapembe kwenye mkebe wake, akakiweka mahali nyuzi zinapokutana, akasoma mara mbili kabla ya kuniambia.

Digrii ishirini na mbili.

"Na upepo ukizidi, babu?"

"Shubiri na vidole viwili," akasema mzee, na akaviongeza, kulia.